Kazi ya Ulaya, Nikiwa Mpanda

Watu wakiniuliza nilianzaje kufanya kazi za Ulaya bila kukanyaga Ulaya, hutarajia niwasimulie habari za kompyuta. Mpanda ya miaka ya tisini, kompyuta nilikuwa nikiisikia tu redioni. Nilikuwa na taipureta ya mtumba, meza iliyoyumba, na mama mkwe.

Kirundi nilikipata nyumbani Mishamo, ambako wazazi wangu walipewa shamba baada ya kukimbia kwao. Kiswahili na Kiingereza nilivipata shuleni. Mama mmoja wa Kizungu alipokuja kwenye makazi yetu ya wakimbizi kufundisha wakunga, alinichukua niwe mkalimani wake. Aliporudi kwao akapata kazi kwenye ofisi iliyochapa vijitabu vya afya, akanikumbuka. Wakati huo nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa shule ya msingi, Msukuma, tukikaa Kashaulili, Mpanda mjini. Bahasha ya kwanza ilipofika nilitafsiri kijitabu chote, nikakipiga chapa, nikakirudisha kwa posta. Malipo yalipoingia benki, mume wangu aliiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Usimwambie mtu." Yalikuwa yamezidi mshahara wake wa miezi mingi.

Hatukumwambia mtu. Matokeo yake, hakuna aliyeamini kuwa nafanya kazi.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi. Nikikaa tu mezani, naye ananikumbuka. "Wewe uliyekaa hapo, niangalizie maharage yasiungue."

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma chake, "niko kazini."

"Kazini wapi? Si nakuona umekaa?"

Majirani waliniachia watoto, waliniachia mihogo niliyotakiwa kuifukuzia kuku, na wageni walipitia kwangu makusudi kwa kuwa yule mke wa mwalimu yupo tu. Nikifunga mlango, naambiwa ninaringa. Nikiufungua, sentensi ninaianza asubuhi na kuimaliza baada ya chakula cha mchana.

Halafu mvua. Masika ikikolea, maji yanakata reli ya Kaliua, treni haiji, na bahasha yangu inalala sijui stesheni gani. Bosi wangu, yule yule mama wa Kizungu, ananipigia telegramu: "Kazi iko wapi?" Kana kwamba treni nimeibeba mimi kichwani. Nilikwenda stesheni kuulizia mpaka msimamizi akachoka kuniona. "Mama," aliniambia, "hata mke wangu yuko kwenye treni hiyo hiyo. Twende tukalale."

Kilichokaribia kuniua kabisa, lakini, ni saa tatu.

Bosi alikuwa akijifunza Kiswahili kwa kitabu na alikipenda mno. Siku moja akaleta telegramu kwa Kiswahili safi: ana kazi kubwa ya kudumu, vitabu vingi kila mwaka, na atanipigia simu posta siku ya Jumanne saa tatu ili tuelewane. Jumanne nilivaa gauni la kanisani, nikafika posta mlango ukiwa bado umefungwa. Saa tatu asubuhi ikapita. Nikamwuliza dada wa simu, akasema, "Ikiingia nitakuita, kaa." Nikakaa mpaka jua la utosi. Nikarudi nyumbani njaa inauma, nikakuta maharage yameungua na lawama ni zangu.

Siku chache baadaye ikaja telegramu nyingine, safari hii kwa Kiingereza. Alipiga simu ikaita bila mtu kupokea. Inaonekana kazi siitaki, kwa hiyo atatafuta mwingine.

Mume wangu aliisoma, akafikiri kidogo, akaanza kucheka. "Saa tatu yake ni ya alasiri," alisema. "Amehesabu kwa Kizungu. Kwao ikiwa alasiri, hapa ni jioni, posta walishafunga zamani."

Sikucheka. Mtu anajua ngeli zote za Kiswahili, na saa hazijui! Nikachukua hela tuliyoweka kwa ajili ya mabati, nikaenda kuomba simu ya nje.

Simu ya nje enzi hizo uliiomba na kuisubiri kama mgonjwa anavyosubiri kuitwa na daktari. Hatimaye dada wa simu akapaza sauti, "Mama wa Ulaya, ingia!" na foleni nzima ya posta ikageuka kunitazama. Laini ilikuwa inakwaruza. Nilipiga kelele kwa Kiingereza, nikamweleza bosi kwamba huku siku inaanza jua likichomoza, na saa moja ya asubuhi ndiyo saa ya kwanza. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nyuma yangu watu wakaanza kuniigiza na kunicheka.

Hapo hapo mama mkwe akaingia. Alikuwa amenifuata kwa ajili ya ufunguo wa stoo. Akanikuta jasho linanitoka, nagombana na mtu asiyeonekana, kwa lugha ambayo yeye hakuijua. Akasimama, akasikiliza. Kisha akaigeukia foleni.

"Nyie! Nyamazeni! Hamuoni mwanangu yuko kazini?"

Posta ikawa kimya. Nikasikia vizuri bosi akisema, "Oh! Saa tisa! Ningesema saa tisa!" na hata hiyo isingefaa, maana saa tisa ya kwao huku ni jioni na posta imefungwa, lakini sikuwa na nguvu ya kubishana. Kazi akanipa.

Nilipoweka simu chini, mama mkwe akaninyooshea kiganja. "Ufunguo," alisema.

Kazi ile ilitujengea nyumba, ikasomesha wadogo zangu Mishamo, na kwa miaka mingi hakuna ofisa wa wilaya aliyenizidi kipato, ingawa wengi wao walidhani mume wangu ana mgodi wa dhahabu mahali. Kuolewa na mtu aliyesingiziwa mgodi nako kuna adha zake. Sikosi mtu mlangoni wa kukopa.

Mwishowe niliomba simu ya mezani ili niachane na posta. Ilichukua muda mpaka nikasahau kwamba niliomba. Wiki ile walipoivuta, mtaa mzima ulishawapa ndugu zao namba yangu, walioko Tabora, Mwanza, mpaka Dar. Naweka karatasi kwenye taipureta, simu inalia, naipokea kwa Kiingereza cha heshima, na sauti inaniambia, "Shikamoo, tuitie yule mama wa nyumba ya nne. Mwambie tunasubiri, hatukati."