Kengele ya Pili na Watoto wa Ng'ambo ya Reli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rejista kabla sijapewa hata kipande cha chaki. Ilikuwa Voi, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti cha P3, sanduku la bati, na magauni mawili ambayo mama alinishonea kule Mgange. Mwalimu mkuu alinipokea ofisini akiwa amesimama. Alikuwa mtu mrefu, wa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ikakakamaa na soksi za kufika magotini.

"Mwalimu Mghoi," aliniambia, "chaki ikiisha tutaagiza nyingine. Hii ikiharibika, mimi na wewe tutajibu kwa Afisa wa Elimu. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa na utie sahihi. Rejista haifutwi."

"Ndiyo, mwalimu," nilimjibu, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto.

Ninyi walimu wa leo huenda hamjui tulivyoishika rejista. Asubuhi mtoto aliyefika alipata mstari wa mshazari kwa wino wa buluu. Mchana alipata mwingine wa kuukata ule wa kwanza. Aliyekosa alipata sifuri ya wino mwekundu. Ijumaa unajumlisha, mwisho wa mwezi unatafuta wastani, na mwalimu mkuu anaupeleka ofisi ya elimu. Shule yenye sifuri chache ilisifiwa mbele ya shule nyingine, na yetu ilisifiwa kila muhula. Nilijivunia sana. Naomba mlikumbuke hilo nikianza kukasirika, kwa maana sehemu ya hasira hizi inanihusu mimi mwenyewe.

Masharti ya shule yalipigwa taipu na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi. Sharti la nne lilisema kengele ya kwanza inalia saa moja na nusu, ya pili saa mbili kasorobo, na ya pili ikilia lango linafungwa. Anayekuja baadaye anachapwa viboko viwili na kupewa sifuri ya asubuhi hata kama amesimama pale pale mbele yako anapumua. Sharti la tisa lilihusu usafi: sare iliyofuliwa, bila doa. Kila asubuhi kwenye paredi, mwalimu wa zamu alipita kati ya mistari akikagua kucha, kola na migongo. Mwenye doa alipiga magoti kwenye changarawe mpaka paredi iishe.

Nilipewa darasa la tano. Humo alikuwamo msichana mmoja, Mwende, binti wa Mzee Mutua, Mkamba aliyekuwa mnyapara wa genge la kutengeneza reli. Walikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, upande wa pili wa njia ya treni. Mwende alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Alikuwa pia na kosa moja lisiloisha: mgongo wa sare yake ulikuwa na grisi nyeusi. Si kila siku, ila hazikupita siku tatu bila grisi. Nami, nikiwa zamu, nilimpigisha magoti. Mwaka mzima nilimpigisha magoti, yeye na wenzake wa landhi, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja grisi ile aliipata wapi.

Nilimuuliza mwaka wa pili, walipoingia darasa la sita nami nikapanda nao. Hata siku hiyo sikuuliza kwa huruma. Niliuliza kwa kuudhika.

"Mwende, hii grisi unaitoa wapi wewe?"

Aliinamisha kichwa. "Kwa treni, mwalimu."

"Mnacheza kwenye treni?"

"Hatuchezi. Tunapita chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya mabehewa, mwalimu. Ikisimama kwa njia, tunapita chini ndio tusikie kengele ya pili tukiwa ndani."

Kesho yake niliamka mapema nikaenda kwenye kivuko cha reli kujionea. Reli yetu ni ya njia moja, na treni ya mizigo kutoka Mombasa ilikuwa ikisimama Voi kungoja kupishana na ile inayotoka Nairobi. Ilikuwa ndefu, ikaziba kivuko chote. Wakati mwingine ilikaa dakika kumi, wakati mwingine saa nzima, na hakuna aliyejua itakuwa ipi. Ng'ambo niliona miguu ya watoto, imejipanga chini ya mabehewa kama iliyoning'inizwa. Kengele ya kwanza ikalia kutoka shuleni. Miguu ikapiga magoti. Wakaanza kutokea upande wangu mmoja mmoja, mikoba kwanza, halafu vichwa. Nilihesabu ishirini na saba, na wadogo wa darasa la kwanza wamo. Wa mwisho alipotoka, injini ilivuta kidogo na mabehewa yote yakashtuka, moja likigonga jingine, mpaka kule nisikoona. Magurudumu yalizunguka labda hatua moja, yakasimama.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema:

"Wazazi wao wawatoe mapema."

"Mapema ya saa ngapi, mwalimu? Treni haina saa."

"Mwalimu Mghoi, nikiwafungulia hao lango, kesho watoto wa mtaa wa Sofia watasema wamezuiwa na mbuzi. Sheria ikiwa na mlango wa nyuma si sheria."

"Sisemi wasifuate sheria. Nasema watakufa."

"Na mwezi ujao mkaguzi anakuja. Unataka akute sifuri ishirini na saba kila asubuhi?"

Nilijua amemaliza. Nilitoka. Nikafanya kitu kimoja tu: nilikwenda landhi jioni hiyo kumwona Mzee Mutua, nikamwambia amkataze bintiye kupita chini ya mabehewa. Alikuwa ameketi nje akinoa sururu. Hakuinua sauti.

"Mwalimu, mimi kazi yangu ni hiyo reli. Najua behewa linafanya nini. Nikimwambia mtoto angoje, nyinyi mnamchapa na mnaandika hakuja. Nikimwambia apite, ni mimi nimemtuma chini ya chuma. Nilienda kwa mkubwa wako mara mbili na kofia mkononi. Sasa niambie wewe uliyesoma, nimwambie nini?"

Nilikunywa chai ya mke wake nikarudi nyumbani.

Haukupita mwezi. Ilikuwa siku ya mtihani wa katikati ya muhula, na sharti lilisema atakayekosa kufika kabla ya kengele ya pili hatafanya karatasi ya kwanza. Karatasi ya kwanza ilikuwa hesabu. Mwende aliwapitisha wadogo kwanza, akawasukuma mmoja mmoja, yeye akawa wa mwisho. Treni ikavuta. Alikuwa ameshatoa mwili wote isipokuwa mguu wa kushoto.

Nilikuwa nagawa karatasi niliposikia mayowe. Tulimkuta Mzee Mutua amefika kabla yetu, maana genge lake lilikuwa likifanya kazi karibu, amemfunga bintiye mguu kwa shati lake. Mwende alikuwa macho. Aliniona akasema, "Mwalimu, wameshaanza?"

Hospitali walimkata nusu ya mguu, chini ya goti. Aliishi, namshukuru Mungu.

Mchana huo mwalimu mkuu aliandika katika kitabu cha matukio, kile kinachowekwa ofisini kwa ajili ya wakaguzi, kwamba mwanafunzi mmoja ameumia nje ya eneo la shule kwa utundu wake mwenyewe. Utundu! Mtoto aliyekuwa akikimbilia hesabu. Niliisoma sentensi ile mara tatu nikidhani labda macho yangu yana kasoro. Kisha nilirudi darasani, nikafungua rejista, nikafika kwenye jina la Mwende. Sharti lilitaka sifuri. Niliiandika, kwa wino mwekundu, kwa sababu kweli hakuwapo. Lakini pembeni kuna safu ya maelezo ambayo huwa hatuijazi, na humo nikaandika: "Amekatwa mguu na treni akiwahi kengele ya pili ya shule hii."

Mwalimu mkuu aliniita siku iliyofuata.

"Futa."

"Rejista haifutwi, mwalimu. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Basi piga mstari na utie sahihi."

"Mstari unapigwa kwenye kosa. Nionyeshe kosa liko wapi."

Alinirudishia rejista akinitazama usoni. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliponiona.

Jumatatu nilikwenda kwenye kivuko kabla jua halijakaza, nikavuka kwenda upande wa landhi na rejista yangu kwapani. Treni ilikuwa imeziba. Nikawaambia watoto, "Hakuna anayepita. Mnasimama na mimi." Niliita majina ya darasa langu pale pale kwenye kokoto, nikawatia mstari wa buluu mmoja baada ya mwingine, na wa madarasa mengine nikaandika majina yao kwenye karatasi. Kengele ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Wadogo walianza kulia. Treni iliondoka kama nusu saa baadaye. Tukaenda shuleni kwa mstari mmoja, mimi mbele.

Mwalimu mkuu alikuwa langoni mwenyewe, fimbo mkononi.

"Wewe ingia," aliniambia. "Hao wabaki nje wapange mstari."

"Mimi nao tumechelewa pamoja," nilisema. "Anza na mimi." Nikanyoosha mkono.

Shule nzima ilikuwa kwenye paredi inatazama. Sikujifanya shujaa, jamani. Nilikuwa nawaza mama yangu atakula nini nikifukuzwa. Lakini mkono niliunyoosha, na sikuurudisha. Alishika ile fimbo, akaiangalia, akaniangalia. Kisha akageuka akaenda ofisini, na lango likabaki wazi. Tukaingia.

Barua ya kunitaka nijieleze ilinifikia juma hilo hilo. Nilipanda Wundanyi, makao makuu ya wilaya, kuonana na Afisa wa Elimu. Alikuwa na rejista yangu mezani.

"Mwalimu, hii ni rejista ya mahudhurio, si kitabu cha maoni."

"Bwana, mguu uliokatwa ni maoni?"

"Usinijibu hivyo. Kuna njia za kupeleka malalamiko."

"Mzee Mutua alizipita zote, bwana. Mara mbili, na kofia mkononi."

Alifunga rejista. Nilihamishiwa Kishushe, "kwa manufaa ya kazi", kama barua zao zilivyopenda kusema. Lori la kunipeleka lilipatikana baada ya siku nne. Muhula uliofuata, sharti jipya lilibandikwa kwenye mlango wa ile ofisi Voi: watoto wa ng'ambo ya reli wasivuke treni ikiwa imesimama, na watapokewa saa yoyote watakapofika. Lilitiwa sahihi na mwalimu mkuu, na nasikia alipongezwa kwa busara yake. Hakuna aliyekwenda landhi kusema pole.

Kishushe nilikaa miaka sita. Hapakuwa na lango la kufunga wala ua wa kuizunguka shule. Watoto walikuja ndovu walipoondoka njiani, na nilianza somo walipofika. Rejista niliijaza vile vile, kwa wino ule ule, ila kila sifuri niliifuata kwa miguu mpaka nijue ilitoka boma gani na kwa nini. Baadaye nilipelekwa Taveta, kisha Mwatate, na mwisho nikapewa shule yangu mwenyewe. Nilikuwa mkali. Waulizeni. Sikuwahi kuamini kwamba mtoto aachwe afanye apendavyo. Niliamini kwamba mwenye kuandika sharti alitembee kwanza, kutoka kitandani kwa mtoto mpaka langoni.

Mwende alirudi shuleni kwa magongo, akafanya mtihani wa darasa la saba, akaenda sekondari. Nilipokuwa Taveta nilimkuta posta, anaunganisha simu, na sauti yake ilijulikana wilaya nzima. Tuliongea mengi. Kuhusu magoti kwenye changarawe nilimwomba radhi. Alisema, "Mwalimu, tulidhani unajua." Maneno hayo nimekaa nayo. Yananiuma kuliko barua zote nilizoandikiwa na ofisi.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwaka uliofuata nilikuwa soko la Voi nikichagua nyanya, mzee mmoja akanigusa bega. Alikuwa yeye, mwalimu mkuu, amepinda mgongo, soksi zimeshuka.

"Mwalimu Mghoi. Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo," nilimwambia.

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa namwogopa mkaguzi," akasema. "Usiku nilikuwa silali, namwogopa mkaguzi."

"Na watoto?"

"Watoto hawakuwa wakiandika ripoti."

Alisema hivyo bila ubishi, kama mtu anayejibu swali alilojiuliza kitambo. Kisha akanyoosha mkono tusalimiane tuyamalize. Watu walikuwa wakitutazama. Mimi ni mama wa kanisa, najua nilitakiwa nifanye nini.

"Mzee Mutua bado yuko hai," nilimwambia. "Nyumba yake ni ile ya tatu ukishavuka reli, hata mtoto atakuonyesha. Nenda ukamwambie hayo uliyoniambia mimi, halafu uje nikupe mkono."

Ni miaka miwili sasa. Hajaenda.