Wakate hata shemeki yangu

Shule niliiacha katika mwaka wa tatu wa primere, huko Masisi, na sioni haya kuliandika. Wengi wenye diplome katika muji huu wa Goma wanapanga katika nyumba zangu. Nilianza kwa kuvunja mawe ya volkano kando ya barabara, kwa nyundo niliyoiokota haina mpini, mpini nikauchonga mwenyewe. Leo niko na nyumba tatu za mawe, kamio ya kubeba muchanga, na wafanyakazi wanaoniita patron hata nikiwa sipo. Vyote hivyo nilivipata bila kukopa kwa benki, kwa ndugu wala kwa kanisa. Mutu akisema ninajisifu, ni kweli, ninajisifu. Ningengoja nani anisifu?

Ni kwa sababu hiyo radio moja ya hapa iliniita. Kila Jumamosi asubuhi walikuwa na mujadala, na ile wiki ulizo lilikuwa hili: nchi yetu iko na deni kubwa kwa wageni, je, leta ipunguze pesa za jeshi ili ilipe? Leta ni serikali, sisi huku tunaiita hivyo tangu wazee wetu. Walikuwa wamepata mwalimu mumoja wa chuo kikuu, wakatafuta mufanyabiashara wa kubishana naye, mutu asiyeogopa kusema. Walipouliza mutaani, watu wakawaonyesha mulango wangu.

Nilivaa shati nyeupe na viatu vya kung'aa. Bibi yangu wa ndoa akaniangalia nikifunga kravati.

"Watakuona na masikio?" akaniuliza.

Nikamuambia mutu anasema vizuri akiwa amevaa. Mpaka leo ninaamini hivyo.

Ule mwaka vita ilikuwa imesogea mpaka milima ya juu ya Sake. Mugunga ilijaa tena shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, familia juu ya familia. Wateja wangu waliacha kujenga, maana nani anaanza ukuta wakati mabombe yanasikika? Kamio ilikuwa inalala uwanjani kama ng'ombe mugonjwa. Mimi nilikuwa ninajiambia: pesa zote zinaenda kwa jeshi, na jeshi halisogei, na deni linapanda. Hayo ndiyo niliyoenda nayo kwa radio.

Mwalimu alianza polepole, kama mutu anayepima dawa. Alisema deni si haya, nchi zote ziko nalo. Alisema ukipunguza jeshi vita ikiwa mulangoni, barabara za Masisi zinakwenda kwa wengine, kodi ya masoko na ya machimbo inakwenda nazo, na deni linabaki palepale na wa kulilipa hayupo. Niliona kwamba ana akili. Lakini sikuja pale kumusikiliza.

"Profesa, weye unakaa wapi?" nikamuuliza.

"Himbi."

"Uko na sentineli wa kulinda nyumba kwa parseli yako?"

"Niko naye mumoja."

"Ukiwa na deni mpaka mwenye duka anakungojea asubuhi kwa mulango, utalipa masentineli wane?"

"Nitabaki na mumoja," akasema. "Na wezi wakija wane?"

Mutangazaji akacheka. Hicho kicheko kilinichoma. Nikasema wezi wengine ni masentineli wenyewe: kuna wakubwa wa jeshi wanaojenga ghorofa kando ya ziwa, na mimi ndiye ninayewauzia mawe, ninajua upana wa salo zao za kupokea wageni. Nikasema bunduki tunanunua kwa mukopo, halafu tunakopa tena kulipa ule mukopo, kama mutu anayechimba shimo apate udongo wa kuziba shimo lingine. Nikagonga meza, ingawa kijana wa mashine alikuwa amenikataza.

"Wakate," nikasema. "Wakate pesa za jeshi, walipe deni, watoto wetu wasizaliwe nalo."

"Kusema kukata ni rahisi," mwalimu akasema. "Utakata wapi? Chakula chao? Solde, ule mushahara wao? Mafuta ya magari?"

"Popote."

Hapo mutangazaji akageuka kwangu. "Patron, katika familia yenu hakuna askari?"

Nikamuambia yuko. Shemeki yangu, mume wa mudogo wangu, na saa hiyo alikuwa huko juu ya Sake, kwa mustari wa mbele. Na kwa kuwa nilitaka muji mzima ujue kwamba mimi sipendelei mutu, nikaongeza:

"Wakate hata shemeki yangu. Sheria ni ya wote."

Nilitoka pale nimenyooka. Njiani mutu wa pikipiki alinitambua kwa sauti tu, akapunguza mwendo, akasema, "Patron, leo uliwakata kabisa." Nilikula vizuri ile siku.

Jumatatu mudogo wangu akafika. Huyu ni mimi niliyemukomaza, wazazi walipokufa, na mimi niliyemukabidhi kwa yule kaporali, mutu wa Maniema, mupole, anayekunja suruali yake kabla ya kukaa. Walikuwa wanaishi katika kambi ya askari, Katindo, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, familia nyingine upande wa pili. Nikamuonyesha kiti. Alibaki amesimama.

"Yaya," akasema, maana ndivyo ananiita mimi mukubwa wake, "ulisema bamukate?"

"Nilisema bajeti."

"Ulisema bamukate. Kambi nzima ilisikia."

Basi akanieleza kitu ambacho mimi, pamoja na kuuzia wakubwa mawe miaka yote, sikuwa ninakijua. Kambini, neno kukata halina habari ya bajeti. Askari akikatwa, jina lake limetolewa kwa wanaopata solde, na wanaotolewa ni waliokimbia na waliokufa. Mara nyingi bibi anajua kwa njia hiyo tu. Siku ya solde anafika na mutoto mugongoni, wanamuambia, mama, wako alikatwa. Wengine wanaanza kulia palepale, mbele ya meza, hawaulizi kitu kingine. Kwa hiyo, kwa wanawake wa Katindo, mimi nilivaa kravati, nikaingia kwa radio, nikaomba mume wa mudogo wangu afe, na wenzake popote walipo.

"Ni maneno tu," nikamuambia. "Yatapita."

"Jumapili hawakunipa simu."

Hapo ndipo nilikaa mimi.

Kambini wanawake wanaitwa kwa cheo cha bwana. Mudogo wangu alikuwa mama Kaporali. Juu yake alikuwa mama Ajida, bibi ya ajida, yule anayesimamia kikosi chao. Huko milimani simu iliyokuwa ikifanya kazi ni moja, ya ajida. Kila Jumapili muchana alikuwa anapanda mahali simu inapopata rezo, anamuita bibi yake, na wanawake wa kikosi wanakuwa tayari wamekaa hapo, wakipitishiana simu, kila mumoja maneno mawili, matatu. Ndiyo njia tu ya kujua nani bado yuko. Jumapili ile, siku moja baada ya mujadala wangu, simu ilipofika kwa mudogo wangu mama Ajida aliichukua mukononi mwake, akampa mwingine.

"Wako amekatwa na kaka yako," alimuambia. "Mutu aliyekatwa anapigiwa na nani?"

"Sasa sijui kama yuko muzima," mudogo wangu akasema. Hakulia. Alikuwa anaangalia kravati yangu, bado ilikuwa imetundikwa kwa musumari.

Nikamuambia ahame, aje kwangu, vyumba viko. Akaniuliza simu ya mume wake itamupata huku na njia gani. Nikasema nitamununulia mume wake simu yake mwenyewe, mupya. Akaniuliza itapelekwa na nani.

"Uende uwaambie," akasema. "Weye ndiye unajua kusema."

Jumapili iliyofuata nikapakia mufuko wa unga na bidoni ya mafuta, nikaenda. Wanawake wa kikosi walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba, juu ya mawe meusi, nguo zikikauka kando yao, sombe, majani ya muhogo, ikichemka juu ya mbabula ya makala. Mama Ajida alikuwa mwanamuke mwembamba wa sauti ndogo. Simu ilikuwa juu ya mapaja yake, ndani ya sashe ya plastiki. Mudogo wangu alikuwa amekaa peke yake, jiwe la mwisho.

"Karibu, papa Kata," mumoja akasema. Wengine wakainamisha vichwa wacheke.

"Ameleta unga," mwingine akasema. "Amekuja kulipa deni ya leta. Ameanza na sisi."

"Leta inaitwa Leta. Kila siku leta, leta. Haijaitwa Peleka hata siku moja."

Nikangoja wamalize. Mimi ninajua kungojea, nimeuza mawe. Kisha nikasema, "Bamama, salamu zenu. Mimi nilisema bajeti. Bajeti si watu."

"Uliulizwa utakata wapi," mama Ajida akasema. "Nilikuwa ninachagua maharagi, nilisikia. Ulisema popote. Popote ni hapa."

"Nilisema pia juu ya wakubwa na ghorofa zao."

"Wakubwa ulisema wanajenga. Hukusema wakatwe. Uliyesema akatwe ni huyu mumoja." Akaelekeza kidevu kwa mudogo wangu. "Wakubwa ni wateja wako."

Nilikuwa na jibu la hapo, na lilikuwa zuri, lakini mudogo wangu aliniangalia, nikalimeza. Nikasema kitu kingine, na hicho nilikisema kwa kweli yangu.

"Sasa mama, deni ilipwe na nini?"

"Mimi ndiye unaniuliza?"

"Ninauliza mutu yeyote."

Yule wa kwanza akasema wauze zile ghorofa. Mwenzake akasema zitanunuliwa na nani, si wenyewe tena, na kwa solde ya nani. Hawakucheka sana.

"Rudisha neno," mama Ajida akasema. "Ulirudishe kama ulivyolitoa. Usimame, useme weye ni nani, halafu urudishe, na sauti ya radio."

Mutu ambaye hajafanya biashara hawezi kujua alichoniomba. Kwangu bei ikisemwa imesemwa. Hata nikipata hasara, jiwe linaondoka kwa bei ileile, na ndiyo sababu wananunua kwangu. Sijawahi kurudisha neno mbele ya mutu, sembuse mbele ya wanawake kumi na sufuria ya sombe. Nikasimama.

"Mimi ni mujenzi, niko na nyumba tatu za..."

"Nyumba acha," akasema.

"Mimi ni mujenzi. Shemeki yangu asikatwe."

"Na wengine?"

"Wasikatwe."

"Wote?"

Nilijua kwamba nikisema wote, mujadala wangu mzima umekwisha, mwalimu ameshinda bila kuwa pale, na deni liko palepale. "Wote," nikasema.

Hakunishukuru. Tukakaa. Jua lilikuwa limegeuka kidogo simu ilipolia. Mama Ajida alisema na bwana wake, maneno machache, akacheka mara moja, akapitisha. Simu ilizunguka. Kila aliyeipokea alisimama kwanza, sijui kwa nini, kama watu wa kanisani. Mudogo wangu alikuwa wa mwisho, na mama Ajida aliishika tena ile simu, akaiangalia, akampa.

Mudogo wangu aligeuza mugongo. Alisikiliza sana, alisema kidogo. "Ndiyo... Wako vizuri... Alisema bajeti... Hapana. Sijui." Kisha akaja kwangu amenyoosha mukono.

"Anakutaka weye."

Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili. "Shemeki," akasema.

"Ndiyo, shemeki. Uko muzima?"

"Niko. Huku tulisikia radio, ajida iko na kadogo kamoja." Alikuwa anasema kwa heshima yake ileile. Ningependa angenitukana. "Vijana wananiuliza kila asubuhi, kwa kuwa weye ni wa kwetu. Wanasema mutu kama weye hawezi kuitwa kule kama hajui. Ni kweli batatukata? Niambie tu. Nijue namna ya kuwaambia."

Wanawake wote walikuwa wananiangalia. Miaka yote nilitaka watu wa muji huu waamini kwamba ninajuana na wakubwa, kwamba nikisema kitu kimetoka mahali. Sasa kule juu, katika udongo, walikuwa wameniamini.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, shemeki. Nilisema tu."

Upepo ukapiga kidogo. "Basi uwaambie hivyo kwa radio," akasema. "Wao hawataniamini mimi. Jumamosi tutafungua..." Simu ikakatika.

Mudogo wangu akaipokea, akaipangusa kwa kitenge, akairudisha. "Jumapili usichelewe," mama Ajida akamuambia, na mwanamuke mumoja akasogeza sahani yake ili mudogo wangu apate mahali pa kukaa karibu na moto. Unga walikuwa wamekwisha kuufungua.

Katikati ya wiki nikaenda kwa radio, bila kravati. Nikamuambia mutangazaji ninaomba dakika mbili Jumamosi. Akafurahi, akaniuliza niko na nini kipya juu ya deni. Nikamuambia ninataka kusema kwamba sijui kama askari watakatwa, kwamba siku ile nilikuwa sijui.

"Patron," akasema, "hiyo si habari. Hakuna mutu anayejua. Tena wiki hii tunabishana juu ya bei ya makala ya kupikia. Njoo na hiyo."

Nikamuambia nitalipia hizo dakika. Akasema matangazo ya malipo ni ya biashara na ya vifo, niko na lipi? Nilibaki nimesimama kwa mulango wake, watu wakinipita na kuniamkia kwa cheo changu. Jumamosi asubuhi nilifungua radio nyumbani, nikasikiliza bei ya makala mpaka mwisho, nikijua kwamba juu ya Sake nao walikuwa wamefungua yao, wamekaa, wananingoja.