Binti yangu alipigishwa magoti kwenye baridi "mpaka moshi upande"

Wakuu, hodi humu ndani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sitaongeza chumvi kwa sababu yenyewe yana chumvi ya kutosha.

Uvumilivu wangu uliisha saa moja na kitu asubuhi, mwezi wa sita, kwenye uwanja wa shule.

Nilikuwa nampelekea binti yangu sweta aliyoisahau. Baridi ya Katanga, kwetu Kongo, mwezi wa sita si mchezo, kuna asubuhi majani yanakuwa meupe. Nikamkuta Béatrice amepiga magoti kwenye changarawe, peke yake, uso kaelekeza kwenye bomba kubwa la kiwanda cha shaba. Wenzake wako darasani wanaimba majina ya mawingu.

Nikamuuliza kuna nini.

"Mwalimu anasema nipige magoti mupaka moshi ipande."

Someni tena hapo. Mpaka moshi upande.

Ngoja niwape picha, maana wengi humu hamkuwepo. Ni miaka ya hamsini, Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville. Leo mimi ni bibi wa vitukuu, lakini wakati ule nilikuwa mama kijana. Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka madarasa ya juu, jambo ambalo kwa msichana mweusi wa siku zile halikuwa dogo. Mdomo tu ndio hawakufaulu kunifundisha kuufunga.

Tulikaa Kenya. Si nchi jamani, ni mtaa wetu pale pale mjini. Mume wangu alikuwa karani wa posta. Béatrice alikuwa darasa la sita katika shule mpya ya serikali, moja ya chache zilizochukua wasichana na wavulana pamoja. Kiti cha msichana mule ndani kilikuwa cha kugombania. (Kiswahili cha kwetu kikiniponyoka humu mtanisamehe, watu nawaacha waseme walivyosema.)

Mwalimu wake aliitwa Célestin. Kijana wa tai, viatu unaweza kujitazamia. Mkaguzi wa shule alikuwa ameagiza watoto wafundishwe hali ya hewa kwa kuangalia, wasikariri tu. Wazo zuri, nalisifu mpaka leo. Kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu anatoka nje, anatazama mawingu, anasoma kipimajoto, anatazama upepo, anarudi kuandika ubaoni.

Upepo ulisomwa kwenye moshi wa bomba. Mji mzima tulifanya hivyo. Sisi akina mama tulikuwa hatuaniki nguo nyeupe kabla ya kutazama moshi unaelekea wapi.

Siku ile zamu ilikuwa ya Béatrice. Akaandika: "Upepo hakuna. Moshi umeshuka, umelala juu ya nyumba."

Mwalimu akafuta. Kitabu kinasema hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Moshi ni wa moto, kwa hiyo moshi unapanda. Andika upya.

Mtoto akamwambia, "Lakini Mwalimu, iko chini."

Kosa lake ni hilo tu.

Na ulikuwa chini kweli! Nilikuwa nimetembea ndani yake njia nzima, koo linawasha, mdogo wake mgongoni anakohoa. Sababu yenyewe nilikuja kuisoma baadaye sana: usiku wa baridi ardhi inapoa, hewa ya chini inapoa nayo inakuwa nzito, ya juu yake inabaki na joto kidogo na kukaa kama kifuniko cha sufuria. Moshi ukifika pale unakwama, unasambaa, unatushukia. Jua likipasha ardhi ndipo kifuniko kinafunguka. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nina macho.

Nikamwinua mtoto, nikaingia darasani.

"Mwalimu, kuya huku inje uangalie."

"Mama, tuko mu masomo."

"Na mutoto yangu iko mu nini? Mu misa?"

Darasa zima likacheka, na kicheko kile ndicho kilichomharibu mwalimu kabisa.

"Mama, mi njo mwalimu. Weye njo nani?" ("Njo" ya kwetu ni "ndiye", si "njoo".)

"Mi njo ule anatembea mu moshi na miguu; weye uko unatembea mu kitabu."

"Kitabu haiendake kuomba bomba ruhusa."

Akakataa kutoka. Nami nikakataa kuondoka. Nikakaa kwenye ngazi, nikasimama, nikazunguka uwanja, nikakaa tena. Mwili ulikataa kutulia.

Saa tatu jua likashika. Moshi ukaanza kuinuka taratibu kutoka kwenye mabati. Hapo ndipo bwana yule akatoka, mikono nyuma, akaninyooshea bomba kwa kidevu.

"Unaona, Mama? Inapanda."

Wakuu, nilikitazama kiatu changu, nikamtazama yeye, nikamwogopa Mungu.

"Ameandika saa moja! Sasa ni saa tatu!"

"Moshi ni moshi, Mama."

Kisha akatoa hukumu mbele ya watoto. Béatrice asirudi mpaka aombe radhi darasani, aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Asipoomba, kiti chake kina wengi wanaokingojea.

Nyumbani nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafagia palipofagiliwa. Nafua nguo safi.

Mume wangu, akiwaogopa wakubwa wake wa ofisini, akasema, "Aombe tu. Neno moja, kisha anarudia masomo. Unataka baniite ku biro juu ya bibi ya makelele?"

Jirani yangu Mama Ngoie, juu ya ua: "Mama Béatrice, unagombana juu ya moshi? Ile moshi ni ya kampuni, hata haiko ya kwako!"

Nilicheka nusu, nusu nikataka kulia. Nikamuuliza mwenye kesi mwenyewe kama angeweza kuomba radhi. Béatrice alikuwa amekaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, anakaanga karanga. Akafikiri.

"Naweza, Mama. Lakini zamu yangu ikirudia, nitaandika nini?"

Basi, nikachukua kalamu.

Nikaenda kwa miguu mpaka ofisi ya mkaguzi, mji wa Wazungu. Karani wake hata hakuinua kichwa: mwanamke aliyeolewa haleti malalamiko bila sahihi ya mumewe. Nikarudi nimechemka. Mchana mume wangu alipokuja kula, niliweka karatasi kando ya bukari yake, ugali wetu, nikasimama.

Alinawa mkono. Akasoma yote. Akasoma tena. Akasema Kifaransa changu kina hasira nyingi, akaomba kalamu, akasaini.

Barua nikaipeleka. Majibu ya maandishi hatukupata. Ila wiki iliyofuata Béatrice aliitwa shuleni, akakaa kwenye kiti chake, hakuomba radhi. Célestin naye hakuomba. Alianza tu kutoka nje asubuhi pamoja na mtoto wa zamu, amevaa koti.

Nililojifunza: mtoto wako akiadhibiwa kwa kusema alichokiona, usimfundishe kunyamaza ili ubaki na amani nyumbani. Amani ile itamgharimu yeye. Walimu wa humu, nipingeni kama nimekosea. Wazazi, semeni mngefanya nini, mngemwacha aombe? Matusi pia nasoma.

Nawawekea malalamiko yenyewe, nimeyatoa kwenye Kifaransa:

"Bwana Mkaguzi,

Mimi ni mama wa mwanafunzi Béatrice, darasa la sita. Saa moja asubuhi binti yangu aliandika kwamba moshi umeshuka. Saa moja asubuhi moshi ulikuwa umeshuka. Kwa hilo alipigishwa magoti nje bila sweta, na amefukuzwa mpaka akiri uongo ambao hakuusema.

Ninaomba arudishwe kwenye kiti chake bila kuomba radhi.

Ninaomba pia mwalimu atoke nje saa ile ile anayowatoa watoto.

Kama shule inataka majibu ya kitabu, iwaache watoto ndani kwenye joto. Kama inawatoa kwenye baridi ili waangalie, basi ipokee wanachorudi nacho."