Fundo la Mashoto

Wenzake walimwita Mashoto, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa wa kushikia kikombe tu. Alikuwa mwaka wa tatu wa ubingwa wa upasuaji, na pale hospitalini kila daktari wa mwaka wa tatu hupewa mmoja wa mwaka wa kwanza amlee kikazi. Yeye alipewa binti mmoja mpole. Wiki ya kwanza alimwonyesha fundo la uzi mara moja, mbiombio, kwenye mgongo wa kiti cha chumba cha mapumziko.

"Hivyo, hivyo, hivyo. Jizoeze." Akaenda zake wodini.

Miezi minne baadaye profesa alisimama mbele ya wote, akamwonyesha binti kwa kidole, akasema, "Mikono ya huyu mtoto, jamani!" Mashoto alikuwa hajawahi kuambiwa "jamani" hata siku moja. Wivu ukamshika, chai akaiacha mezani.

Sasa, ili binti afanye upasuaji wake wa kwanza Ijumaa, mlezi alitakiwa kutia saini fomu kabla ya saa sita mchana Alhamisi. Fomu ilikaa siku tatu mfukoni mwa koti la Mashoto.

"Bado naisoma," alimwambia binti. Fomu yenyewe ukurasa mmoja!

Alhamisi saa tano na nusu akamkuta binti kwenye kiti kilekile, anafunga nyuzi. Akasimama mlangoni kutafuta kosa. Tuseme ukweli, hilo ndilo lililompeleka. Mkono wa kushoto wa binti ulikuwa unaongoza. Kisha binti akachukua kalamu, akaandika kitu kwa mkono wa kulia.

"We! Kumbe si mashoto?"

"Mimi? Hapana, dada."

"Mbona unafunga kwa kushoto?"

"Si ndivyo ulivyonionyesha? Vidole vilikataa wiki tatu nzima. Nikaona aibu kukuuliza tena, ulikuwa na haraka."

Uso ukamshuka Mashoto. Kumbe profesa alikuwa akiisifu mikono yake yeye, ila kwa mtu mwingine. Wivu haukuisha hapo. Uliuma zaidi, maana sasa ulikuja na aibu.

Akaitoa fomu, imekunjamana, akaitia saini zikiwa zimebaki dakika kumi. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Haya, leo nina muda. Tufunge kwa kulia," alisema. "Mimi mwenyewe sijui. Tutahangaika wote."