Ingia Bila Hodi

Mama alinijua kwa mwendo. Nyonga yangu ya kushoto ilikaa vibaya tangu nizaliwe, na kwenye korido ya nyumba yetu ya Isevya mguu mmoja ulipiga sakafu, wa pili ukaburuta. Macho yake yalipozima kabisa, alikuwa akiniitikia kabla sijabisha hodi.

Aliamini nyonga yangu iliharibiwa na mbeleko aliyonibebea. Madaktari walimweleza sivyo, mimi nikamfokea, haikusaidia kitu. Ilipopatikana safari ya India kwenda kubadilishiwa nyonga, alifurahi kuliko mimi. Akanishika mkono.

"Siku ukirudi, mwanangu, usibishe hodi wala usitoe salamu. Pita tu. Nikiuliza 'nani huyo?' nitajua umepona, na moyo wangu utatulia."

Jirani yetu Mzaramo, mtani wake, akadakia: "Mnyamwezi huyu anatafuta njia ya kumkana mtoto!" Mama akacheka mpaka akakohoa.

Nilikwenda na kaka yangu mkubwa. Upasuaji ulikwenda salama, ila maumivu yalinitoa adabu. Niliwafokea manesi wa watu kila waliponisimamisha, na kaka akawa anawaomba radhi kwa ishara. Jioni tulipiga simu ya video nyumbani. Mama alikuwa na swali moja tu: "Bado unaburuta?"

Kisha vikaanza visingizio. Mama kalala. Mama anaoga. Nikachukia, nikasema mpelekeeni simu hukohuko. Siku moja dada yangu aliipokea kwa haraka, simu ikiwa inatazama uani, nikamwona yule mtani. Kajitanda kanga ya mama, kashika mkongojo wa mama, anapapasa ukuta na kufoka kwa sauti ya mama hasa: "Chai gani hii haina tangawizi? Mnanionea kwa kuwa sioni!" Wanawake waliokaa mkekani wakacheka. Na mimi nikacheka, mpaka mshono ukauma.

"Mwambieni mama mtani wake anamwibia kanga!" nilipiga kelele. Dada akakata simu.

Mimi ni Mnyamwezi. Nimekulia ndani ya utani huu, ambao babu zetu walirudi nao kutoka pwani walikokuwa wakipeleka mizigo. Najua ni siku gani mtani huvaa nguo za mtu. Tangu utotoni nimewaona misibani wakimwigiza marehemu, ili waliofiwa wapate kupumua kidogo. Lakini nilikuwa mbali, na nilimtaka mama awe mzima, basi nikaona kichekesho tu. Nikamsimulia kaka. Akaingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo muda mrefu.

Aliniambia kwenye treni ya kurudi nyumbani, tulipoiacha stesheni ya Kigwa. Mama alifariki alfajiri moja, wakamzika siku ileile, na wazee wakakubaliana nisiambiwe mpaka nikaribie nyumbani, nisije nikajidhuru kabla sijapona. Nilimpiga kaka kifuani kwa ngumi zote mbili. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Hakunizuia, alikuwa analia. Abiria wa mbele yetu akanisogezea chupa ya maji.

Sikuwa na hasira naye hasa. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimejifunza kutembea, na aliyetaka kunisikia hakuwepo.

Nyumbani wanawake waliinuka kunipokea kwa kilio. Nikawaomba wanyamaze. Nikamwachia dada fimbo yangu ya kutembelea, nikavua kandambili, nikafikiri, nikazivaa tena ili hatua zisikike. Sikubisha hodi. Sikutoa salamu. Nilipita korido yote taratibu, mguu kwa mguu, sawasawa, hadi mlangoni kwa mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko alivyowahi kukiacha mwenyewe. Nikasimama pale, nyonga ikiuma, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi.

Nyuma yangu mtani akauliza, kwa sauti ya mama hasa:

"Nani huyo?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Ni mimi, mama," nikasema.