Kichanja Kilichosimama Njiani

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Urambo, vibuyu vyote vya mama mkwe vilipasukia kwenye lori. Cha kuchotea maji, cha kusukia maziwa, vyote. Hakulia. Alizikung'uta mbegu alizofunga kwenye pindo la khanga, akazipanda nyuma ya nyumba, kisha akaniambia, "Mwanangu, jenga kichanja. Kibuyu kikilala chini kinaoza, na shingo inapinda."

Mume wangu alikuwa kwenye shamba la kijiji tangu asubuhi hadi jua kuzama, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Mimi nimezaliwa Tabora mjini, fundi cherehani binti wa fundi cherehani. Shoka nilikuwa nalijua kwa kuliona tu. Nilikata miti iliyonikubali, yaani ile laini, nikaifunga kwa kamba za magome. Mche ukatambaa, ukatoa maua meupe. Asubuhi moja baada ya mvua nikakuta kichanja kimelala kifudifudi. Mchwa walikuwa wamekula nguzo zote kwa ndani, wakaniachia maganda.

Mama mkwe alitazama, akasema, "Ulikata miti gani hii?" Nikachukua shoka, nikaondoka. Ningebaki ningemjibu vibaya.

Safari ya pili nilikwenda mbali zaidi, nikatafuta miti migumu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilichimba mashimo, nikamwaga majivu, nikasimamisha. Kikasimama kweli. Vibuyu vikaanza kuning'inia, vya kijani, shingo zimenyooka, na mama mkwe akawa anavipitia kila alfajiri kama anayejulia hali wagonjwa.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipokuja na kamba yake ya kupimia.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe, kisha akanigeukia. "Hiki kitu kinatoka. Barabara ya mtaa inapita hapa."

"Barabara gani, mwenyekiti? Hapa ni majani matupu."

"Itapita. Wageni wa mkoa wanakuja, wanataka kuona mistari imenyooka."

"Tupe muda vikomae. Vikikauka nakivunja mwenyewe."

"Kesho nisikikute," akasema, akaanza kukunja kamba.

Nilitaka kumrukia. Badala yake jioni ile tuliita majirani, tukang'oa nguzo, tukakibeba kichanja kizima na mzigo wake kukisogeza ukutani. Tulikwenda hatua kwa hatua, mama mkwe akishika shina na kutuomba, "Taratibu, jamani, taratibu." Jirani mmoja akajikwaa. Nikasikia shina linakatika, sauti ndogo tu, kama kuvunja bamia.

Vibuyu vikanyauka vikiwa vichanga. Mama mkwe alijaribu kupika kimoja asipate hasara yote. Kilikuwa kichungu kama shubiri, tukakimwaga.

Wageni wa mkoa walipita barabara kuu, wakapunga mikono, wakaenda zao. Mtaa wetu haukupata barabara. Uliota nyasi mpaka magotini.

Msimu uliofuata mama mkwe alipata mbegu kwa shoga yake, akaniletea. Nikamwambia, "Mama, kichanja sijengi tena." Akazipanda chini ya upenu, na mche ukapanda juu ya paa la nyasi. Mwenyekiti alipita akaangalia, akaendelea na njia yake, maana nyumba ilikuwa kwenye mstari. Vibuyu alivipata, vizuri hasa. Ila uzito wa vibuyu ulizifumua nyasi za paa, na masika ile yote nililala na sufuria kitandani, nikikinga maji, nimekasirika.