Mkia wa Jina la Chumvi

Nakumbuka asubuhi moja kule Gasorwe, mkoani Muyinga, mwanangu, mtoto wangu wa kwanza alipolia bila machozi. Wewe bado kijana, huenda hujui maana yake. Mtoto akilia macho makavu, ujue maji ya mwili yanakwisha. Imani hakuwa ametimiza mwaka. Alikuwa akiharisha tangu juzi yake, macho yameingia ndani, na titi analikataa.

Nilikuwa mke mgeni, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, nimerudi Burundi nikaolewa Muyinga. Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe huku, ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni. Tukateremka kilima, tukapanda kingine, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi pale alikuwa mtu mzima mpole, Mzee Evariste. Alimwangalia Imani, akatuonyesha kitanda, akatundika mfuko wa maji. Mfuko ule ulikuwa umeandikwa Kiingereza kitupu. Mabukwe hakujua kusoma, lakini hakuwa mtu wa kupokea kitu asichokijua.

"We umesoma Tanzania," akaniambia. "Soma. Hiyo iko nini?"

Nikasoma kwa sauti, kama tulivyokuwa tukiimba darasani, maneno bila maana: "Sodium chloride."

Mabukwe akamnyakua mtoto kitandani. "Klo nini? Klore! Ile walimwagaka mu vyoo wakati wa kipindupindu! Mi nakatala. Hawataitia mu damu ya mjukuu wangu!"

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na giza lile lilinifunika hata mimi niliyesoma. Mama huyu alimpenda mwanangu kuliko roho yake, na alichokisikia alikisikia sawasawa: jina la dawa ya vyoo lilikuwamo. Nikamtazama muuguzi kwa hofu. Nikamtazama mtoto, shingo yake imelegea. Sikujua nimuunge nani mkono.

Mzee Evariste hakupandisha sauti. Aliendelea kuutoa hewa mrija wa ule mfuko, huku anazungumza.

"Mama, umesikia vizuri. Ila umesikia nusu ya jina. Nikiwa kijana nasoma Gitega, mwalimu alikata kipande cha sodiamu, kidogo kama punje ya mtama. Ni jamii ya chuma, lakini laini kama sabuni. Akakitupa kwenye maji. Mama, kiliwaka moto juu ya maji! Na klorini ikiwa peke yake ni hewa ya kijani-njano, ukiivuta inakukaba koo. Wakali wote wawili. Alors, sasa basi, wakiungana, kila mmoja anaacha ukali wake, wanakuwa kitu kingine kabisa. Waingereza wameliweka jambo hilo ndani ya jina. Sodium hutangulia na jina lake zima. Chlorine hufuata, lakini akishaungana anabadilisha mkia wa jina, anaitwa chloride. Mkia huo unakuambia hayuko peke yake tena. Kwa hiyo usitishwe na jina lake la zamani. Uliza: ameungana na nani?"

"Na huyu ameungana akawa nini?" Mabukwe aliuliza, mikono bado imemkaza mtoto.

"Fungua kiganja."

Akayaacha matone ya mrija yadondoke kiganjani mwake. Mabukwe akaramba. Akaramba tena.

"Iko umunyu," alisema polepole. "Chumvi! Chumvi ya maharagwe!"

"Ndiyo hiyo, mama. Maji na chumvi, kwa kipimo cha mwili."

Basi Mabukwe akamlaza Imani kwa mikono yake mwenyewe, akasogea pembeni.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nilivyokaa nikiyatazama matone yale. Kitu kinachowaka juu ya maji, na kitu kinachokaba watu, vimekaa pamoja kwa amani, vinashuka taratibu kwenye mshipa wa mtoto wangu. Nilikuwa nimekula chumvi maisha yangu yote, na siku ile nikaiogopa kwa heshima, kama mtu aliyesimama mlangoni pa kanisa. Jua lilipokuwa linainamia magharibi, Imani alifumbua macho, akalia kwa hasira, na shavu lake likalowa machozi. Mabukwe alipiga magoti palepale sakafuni. "Imana ishimwe," alisema, Mungu ashukuriwe.

Sasa naishi hapa Gitega, na Imani ana watoto wake. Nawaona vijana mnasoma majina marefu ya vitabuni mkitafuta alama za mtihani tu. Basi shikeni neno hili. Jina lisome mpaka mwisho, kwa sababu aliyelitunga hakutia herufi bure. Mkia uleule waweza kukuletea chumvi, na ukiungana na mwingine waweza kukuletea sumu, kwa hiyo muulize anayekitumia kitu chenye jina hilo. Kuuliza si ujinga. Na ukimkuta mzee amekataa, usimcheke. Mabukwe alikataa kwa upendo, akakubali kwa kuonja, na mimi sijaona mwanafunzi bora kuliko yeye.

Na watu nao ni hivyohivyo, mwanangu. Usimhukumu mtu kwa nusu ya jina lake.

Mungu akupe macho ya kustaajabu na mwalimu asiyechoka. Chakula chako kisikose ladha, na nyumba yako isikose mtoto anayecheka.